Mwogeleaji wa Mwisho na Watoto wa Ziwa

Ndugu msomaji, ukisimama Kigongo, wilayani Misungwi, ukaelekeza uso wako Busisi upande wa Sengerema, utaiona mbele yako Ghuba ya Mwanza, na juu yake lile daraja refu lililopewa jina la Hayati John Pombe Magufuli na kufunguliwa rasmi tarehe 19 Juni, 2025. Urefu wake ni kilomita tatu. Kabla ya daraja hilo watu walivuka kwa kivuko, na mara nyingi iliwapasa kungoja foleni kwa muda mrefu, mgonjwa pamoja na mchuuzi, mwanafunzi pamoja na maiti anayepelekwa kwao kuzikwa. Sasa gari huvuka kwa dakika chache, na abiria aliyeketi ndani anaweza kufika ng'ambo bila ya kuyatazama maji hata mara moja.

Hilo ni jambo la heri, na kila aliyewahi kulala upande wa Kigongo kwa kukosa kivuko atalishukuru. Hata hivyo daraja halimfundishi mtoto kuogelea. Watoto wa mwambao bado wanateka maji ziwani, wanafua ziwani, wanaoga ziwani, na wakipata nguvu kidogo wanawafuata baba zao mitumbwini. Wengi wao wanayajua maji kwa macho na kwa mikono, lakini siku maji yatakapowafika kifuani hawajui la kufanya.

Leo, basi, tungependa kuzungumza nawe juu ya kuogelea. Na ili mazungumzo yetu yawe na mahali pa kushika, tutaanza na shindano moja la wanaume, la mita 100 mtindo huru, lililofanyika mbali sana na ziwa letu. Katika kundi lake aliyeshinda alikuwa ndiye aliyekwenda polepole kuliko washindani wote waliomaliza.

MTINDO HURU NI UPI?

Baadhi ya wasomaji wetu husikia redioni habari za "mtindo huru" wasielewe uhuru huo ni upi. Maana yake ni kwamba mwogeleaji ameachiwa achague mwenyewe namna ya kuogelea. Lakini madhali kila mtu anataka kutangulia, karibu wote huchagua namna moja: kulala kifudifudi, mikono ikipokezana kuyavuta maji, miguu ikipiga bila kukoma, na kichwa kikigeuzwa ubavuni kuchukua pumzi. Hakuna namna nyingine ya kuogelea juu ya maji iliyo ya kasi kama hiyo.

Mashindano makubwa ya dunia hufanyika katika bwawa la mita 50. Wako wanaoshindana mita 50, yaani mara moja tu kutoka ukuta hadi ukuta. Wako wa mita 100, 200, 400 na 800. Na wako wa mita 1500, ambao huuendea ukuta mara 30. Ukitaka kuupima umbali huo kwa macho ya Kigongo, mita 1500 ni nusu ya daraja letu. Mmarekani Bobby Finke aliuogelea mjini Paris mwaka 2024 kwa dakika 14 na sekunde 30.67, akavunja rekodi ya dunia. Angeingia majini Kigongo, basi katika muda usiotosha hata kuchemsha maharage angekuwa amefika katikati ya ghuba.

Katika mita 100 muda ni mfupi zaidi na makosa ni ghali zaidi. Tarehe 31 Julai, 2024, huko huko Paris, Mchina Pan Zhanle alimaliza kwa sekunde 46.40, rekodi mpya ya dunia. Aliyemfuata, Kyle Chalmers wa Australia, alitumia sekunde 47.48, na wa tatu, David Popovici wa Romania, 47.49. Tofauti ya medali ya fedha na ya shaba ilikuwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde. Kucha la kidole laweza kuamua shindano la namna hiyo.

Huo ndio ulimwengu alioingia kijana wetu wa leo.

ASUBUHI YA SYDNEY

Tarehe 19 Septemba, 2000, katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney, Australia, waliitwa waogeleaji watatu wa kundi la kwanza la mchujo. Mmoja alikuwa Karim Bare kutoka Niger. Wa pili Farkhod Oripov kutoka Tajikistani. Na wa tatu Eric Moussambani, kijana wa miaka 22 kutoka Guinea ya Ikweta. Wote watatu waliingia kwa utaratibu maalumu, unaoziruhusu nchi ambazo mchezo huo haujakomaa kupeleka wawakilishi wao ingawa hawajafikia muda uliowekwa.

Kabla ishara ya kuanza haijatolewa, Bare na Oripov walijitupa majini. Sheria haikuwatazama kwa huruma. Wote wawili wakaondolewa. Moussambani akabaki peke yake juu ya jukwaa, mbele ya maelfu ya watazamaji.

Kijana huyo alikuwa amejifunza kuogelea mwaka huo huo. Katika mji wake wa Malabo hapakuwa na bwawa la mashindano. Lilikuwapo bwawa la hoteli moja, lisilofika hata mita 20, na humo aliruhusiwa kwa saa chache za alfajiri kabla wageni wa hoteli hawajaamka. Siku nyingine alikwenda mtoni na baharini, na mwenyewe amesimulia kwamba wavuvi ndio waliomwelekeza jinsi ya kutumia miguu. Bwawa la mita 50 aliliona kwa mara ya kwanza alipofika Sydney.

Akaruka. Mita 50 za kwanza alizikata kwa sekunde 41 hivi, mwendo uliokuwa mkali mno kwa mtu wa mazoezi yake. Akagusa ukuta, akageuka. Kurudi ndiko kulikomshinda. Miguu ikaanza kuzama, mikono ikawa mizito, kichwa kikainuka kutafuta hewa, na zilipobaki mita chache ikaonekana kana kwamba hasogei tena mbele. Watazamaji, ambao mwanzoni baadhi yao walicheka, wakatambua kwamba wanamtazama mtu anayepigana. Wakasimama, wakamshangilia kwa kelele mpaka mkono wake ulipougusa ukuta.

Saa ilisoma dakika 1 na sekunde 52.72. Siku hiyo hiyo, katika nusu fainali, Mholanzi Pieter van den Hoogenband aliuogelea umbali ule ule kwa sekunde 47.84 na kuvunja rekodi ya dunia. Tena jana yake Mholanzi huyo alikuwa ameshinda mita 200 kwa dakika 1 na sekunde 45.35, yaani alikwenda umbali maradufu kwa muda mfupi kuliko ule wa Moussambani.

Magazeti ya Ulaya na Australia yakambandika kijana jina la mkunga, yule samaki mwembamba kama nyoka. Picha zake zikaenea dunia nzima. Wengine walimsifu kwa moyo wake. Wengine wakauliza kwa hasira ni nani aliyemruhusu mtu kama huyo kuingia katika michezo ya mabingwa.

JE, WA MWISHO HANA HAKI?

Swali hilo, ndugu msomaji, linatuhusu na sisi. Watanzania nao wamekwenda katika mashindano hayo hayo. Mwaka 2016, Rio de Janeiro, Hilal Hilal alishindana mita 50 mtindo huru. Mwaka 2024, Paris, Collins Saliboko alishindana mita 100, na Sophia Latiff mita 50 upande wa wanawake. Hakuna aliyevuka mchujo wa kwanza. Kila mara vijana wetu wanaporudi mikono mitupu husikika sauti vijiweni na ndani ya mabasi: "Kwa nini tunapoteza fedha kuwapeleka watu wa kushindwa?"

Mwenye kuuliza hivyo anastahili jibu, kwa kuwa fedha za umma ni jasho la wafanyakazi. Lakini na atazame kwanza njia waliyopita hao wanaotushinda. Mtoto wa Australia huenda bwawani na shule yake akiwa bado mdogo. Mwalimu yupo, maji yanapimwa, saa ipo ukutani. Kwetu mabwawa ni machache, na mengi kati ya hayo machache yamo ndani ya hoteli na shule za ada kubwa. Mtoto wa karani, wa fundi cherehani au wa mvuvi huyaona akipita nje ya ukuta. Hivyo timu ya taifa huchaguliwa kutoka kwa watoto wachache mno, na kuwadai wachache hao medali ni kutaka kuvuna pasipopandwa.

Kwamba Mwafrika akipandwa huota, ushahidi upo. Mwaka 2004, Athens, vijana wanne wa Afrika Kusini walishinda mbio za kupokezana za mita 100 mara nne mtindo huru kwa rekodi ya dunia. Mwaka 2008, Beijing, Oussama Mellouli wa Tunisia alishinda mita 1500 mtindo huru kwa dakika 14 na sekunde 40.84, akimzuia Grant Hackett wa Australia asitwae taji hilo kwa mara ya tatu mfululizo. Miaka minne baadaye, London, Mellouli huyo huyo alishinda kilomita 10 katika maji ya wazi, ndani ya ziwa dogo la bustani ya Hyde Park. Akawa mtu wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki bwawani na nje ya bwawa.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na ndugu wawili, Jason na David Dunford. David alikuwa mwogeleaji wa mtindo huru. Jason, aliyependelea mtindo wa kipepeo, alifika fainali ya Beijing mwaka 2008 na kumaliza wa tano katika mita 100. Na mwaka 2010 alitwaa dhahabu ya mita 50 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi. Ni mtu aliyekulia Nairobi, mji ambao hauna hata bahari.

Kisha tarehe 25 Julai, 2021, Tokyo, ilichezwa fainali ya mita 400 mtindo huru. Ahmed Hafnaoui, Mtunisia wa miaka 18, alikuwa amefuzu akiwa wa mwisho kati ya wanane, kwa hiyo akapewa mstari wa nane, ule wa pembeni kabisa. Akashinda kwa dakika 3 na sekunde 43.36. Wa nane katika orodha ya mchujo akawa wa kwanza duniani siku iliyofuata.

Mambo haya hayatoki hewani, wala hayatokani na rangi ya ngozi. Yanatokana na bwawa, mwalimu, na miaka ya kurudia jambo lile lile. Moussambani mwenyewe hakuishia Sydney. Aliendelea na mazoezi mpaka akaweza kumaliza mita 100 chini ya sekunde 57, akipunguza karibu nusu ya muda wake wa kwanza. Hakushiriki Athens mwaka 2004 kwa sababu ya matatizo ya hati za safari. Mwaka 2012 aliteuliwa kuwa kocha wa timu ya taifa ya nchi yake, na nchi hiyo, ambayo mwaka 2000 haikuwa na bwawa hata moja la mita 50, baadaye ilijenga. Yule aliyechekwa ndiye aliyewafanya wakubwa wa kwao waone kilichokosekana.

UMBALI WA BWAWA MOJA

Lakini kuna jambo zito kuliko medali, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Siku ile Sydney, katika mita zile za mwisho, watu wengi waliona kichekesho. Mtu wa mwambao angeona jambo jingine. Angeuona mwili uliochoka ndani ya maji, kichwa kinachoinuka kutafuta hewa na miguu inayozama, akakumbuka. Kwa maana picha hiyo si ngeni katika Ziwa Viktoria.

Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Zaidi ya watu 800 walipoteza maisha, na makaburi ya Igoma yanatukumbusha hata leo. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugorora kwenda Ukara, kilipinduka kikiwa karibu kabisa kutia gati. Taarifa za siku zile ziliukadiria umbali uliobaki kuwa mita 50 hivi. Watu zaidi ya 220 walikufa.

Mita 50, ndugu msomaji. Huo ni urefu wa bwawa moja, ule ambao Moussambani, kwa miezi yake michache ya mazoezi ya alfajiri, aliukata kwa sekunde 41.

Tuseme kweli, wala tusiwadhulumu marehemu. Katika ajali hizo wengi walinaswa ndani ya chombo au chini yake, na hapo hata bingwa wa dunia asingeweza kutoka. Kosa la chombo kuchukua watu kupita kiasi si kosa la abiria asiyejua kuogelea, na dawa yake ni ukaguzi mkali, hesabu ya kweli ya abiria na maboya ya kuwatosha wote. Hata hivyo katika kila ajali ya maji wapo wanaotupwa nje wakiwa hai, na kati ya hao, anayejua kuelea dakika kumi ana nafasi ambayo mwenzake hana. Dakika kumi ndizo zinazompa mtumbwi nafasi ya kufika. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba, 2022, wavuvi ndio waliotangulia kufika kwa mitumbwi yao, na watu 24 kati ya 43 wakaokolewa.

Zaidi ya hizo ajali kubwa zinazotangazwa, ziko zile ndogo zisizotangazwa: mtoto mmoja aliyeteleza akiteka maji, vijana wawili waliopigwa na dhoruba usiku wakivua dagaa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 peke yake watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu robo yao wakiwa watoto wasiofika miaka mitano. Ndiyo maana Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa Siku ya Kuzuia Vifo vya Maji Duniani. Iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021, siku ile ile Hafnaoui alipoinua mkono wake Tokyo.

Watu wa mwambao huambiwa mara kwa mara kwamba wao ni wana wa maji na hawahitaji kufundishwa. Huo ni uongo unaoua. Si kila avuaye ajua kuogelea. Wengi huutegemea mtumbwi, na mtumbwi ukipinduka hawana kingine. Tena wako wazazi wanaomkataza mtoto asiguse maji kabisa, wakidhani katazo ni kinga. Mtoto wa namna hiyo ataenda kwa siri na wenzake, mahali pasipo mkubwa wa kumwona, na huko ndiko kwenye hatari zaidi.

WAZAZI WAFANYEJE?

Wataalamu wa afya wanashauri kwamba mtoto afundishwe misingi ya kuogelea na kujiokoa akishafika umri wa miaka sita hivi. Aliye chini ya umri huo anahitaji zaidi ulinzi: jicho la mtu mzima, na mahali salama pa kuchezea mama anapokuwa kazini au sokoni. Ndoo na pipa la maji nyumbani vifunikwe, na kisima kizibwe, maana mtoto anayetambaa huweza kufa katika maji yasiyofika goti la mtu mzima.

Mafunzo yenyewe hayaanzi na mbio. Kwanza mtoto, akiwa katika maji ya kiunoni na mkubwa akiwa karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono, ajifunze kutumbukiza uso na kutoa pumzi ndani ya maji kwa pua na mdomo. Pili, ajifunze kuelea chali, masikio yakiwa ndani ya maji, tumbo likiwa juu, bila ya kupigapiga. Hili ndilo somo kubwa kuliko yote. Anayejua kuelea chali anaweza kungoja msaada. Tatu, ajifunze kupiga miguu akishikilia ubao au dumu tupu lililofungwa kifuniko barabara. Mikono na pumzi za ubavuni, yaani mtindo huru wenyewe, huja mwisho. Afikapo hapo ameshavuka hatari, na kilichobaki ni kasi.

Afundishwe pia jinsi ya kumsaidia mwenzake. Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa, na yeyote aliyewahi kushikwa na mtu anayezama anajua kwamba mkono ule hauachii. Kwa hiyo mtoto asirukie kumwokoa mwenziwe. Aite watu kwa sauti. Amnyooshee mti, kasia au kanga. Amtupie dumu tupu au kamba. Wengi wamekufa wawili pale ambapo angekufa mmoja, au asingekufa yeyote.

Ziwa letu lina hatari zake nyingine, na mwenye kushauri watu waogelee bila kuzitaja atakuwa amewadanganya. Iko kichocho, ambayo vijidudu vyake hutoka katika konokono wa kando kando, hasa penye majani na maji yaliyotulia, vikapenya ngozi ya anayeoga. Basi mahali penye magugu paepukwe, haja ndogo na kubwa zisifanywe ziwani, na dawa za kichocho zinapotolewa shuleni mzazi asimfiche mtoto wake. Ukienda zahanati na mtoto anayekojoa damu au kuharisha damu, mweleze mganga kwamba anaoga ziwani. Tena wako mamba na viboko; wenyeji wanazijua sehemu zao, na mgeni aulize kabla ya kuvua nguo.

Na kwa anayesafiri: usipande chombo kilichojaa kupita kiasi hata kama nahodha anakuita kwa jina. Vaa boya la kifuani kabla ya chombo kung'oa nanga, wala usilikalie kama mto. Mwanamume mzima anayeona haya kulivaa mbele ya watu na akumbuke kwamba mabingwa wa dunia huogelea katika maji ya mita mbili tatu, yaliyozungukwa na walinzi wenye filimbi.

BWAWA LA WATOTO WETU

Hatari hizo za ziwani ndizo zinazotufanya tuseme, bila kuzunguka, kwamba watoto wa mwambao wanahitaji mabwawa. Haifai kumwambia mtoto wa Mwanza, Musoma au Bukoba kwamba ana ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 68,800, kubwa kuliko yote Afrika, kwa hiyo bwawa la nini? Ni sawa na kumwambia mkulima kwamba ana msitu mkubwa, jembe la nini? Ziwa halina kina kinachojulikana, halina ukuta wa kushika, halina maji yaliyosafishwa. Mtoto hujifunza mahali padogo na salama ndipo akalikabili kubwa.

Wala si lazima tuanze na bwawa la mita 50 lenye viti vya marumaru. Moussambani alianza na bwawa la hoteli. Bwawa la mita 25, la kina cha kifua cha mtoto upande mmoja, lililo karibu na shule kadhaa, lenye maji yanayotunzwa na mwalimu aliyefunzwa, litafundisha watoto wengi kila mwaka. Mahali ambapo hata hilo haliwezekani, sehemu ya ufuko iliyosafishwa magugu, ikawekewa uzio wa miti na kamba za kushika, na kulindwa na kijana mmoja anayejua kazi yake, ni mwanzo. Halmashauri zetu hupanga bajeti kila mwaka. Kamati za shule hukutana. Wenye hoteli za mwambao wana mabwawa yanayolala tupu siku za kazi, asubuhi, wakati watoto wako shuleni karibu yake. Ni nani amewahi kwenda kuwaomba saa mbili kwa wiki? Hoteli ya Malabo iliombwa, ikakubali.

Wewe msomaji, uliye mjumbe wa kamati ya shule au mzazi tu anayehudhuria mikutano, unaweza kulitaja jambo hili katika mkutano ujao. Litapigwa danadana mara ya kwanza, pengine na ya pili. Litaje na mara ya tatu.

Siku zile za mwanzo mwa 2000, Moussambani angeweza kusema kwamba bwawa ni fupi, mwalimu hakuna, na mabingwa wako mbali mno. Yote hayo yangekuwa kweli. Wahenga wetu wanasema ukiyavulia nguo maji huna budi kuyaoga. Yeye alizivua, akayaoga mbele ya macho ya dunia, akafika ukutani. Mtoto wa Kigongo yeye hakuchagua; kuzaliwa kwake mwambao kumemvulia nguo tangu siku ya kwanza. Tusipomfundisha kuyaoga, tutakuwa tumemwacha peke yake juu ya jukwaa, na huko ziwani hakuna watazamaji wa kumshangilia.

Akishajua kufika ukutani, ndipo tutakapomuuliza habari za sehemu za mia za sekunde. Na katika maelfu ya watakaojua, hatakosa mmoja atakayetujibu. Septemba 2025, huko huko Tokyo, mwenzetu Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni baada ya kilomita 42, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu tu za mia ya sekunde. Simbu alitoka katika nchi ambayo kila mtoto anakimbia. Bado hatujawa nchi ambayo kila mtoto anaogelea.

Kwa leo tuishie hapo, ndugu msomaji. Mchana huu, kabla jua halijatua, mwite mtoto wako umuulize kama anajua kuelea. Jibu lake ndilo litakalokuonyesha pa kuanzia.